Mbio za kamera kumfukuza mwanamichezo

Tarehe 15 Septemba 2025, katika jiji la Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakiwa wamekwisha kukata takriban kilomita 42 za marathoni. Walivuka mstari karibu kwa pamoja. Saa iliwapa wote wawili muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu mwenyewe hakuwa na hakika kama ameshinda mpaka alipoliona jina lake juu kwenye ubao wa uwanja. Ubishi ule uliamuliwa na kamera iliyofungwa kwenye mstari wa mwisho, nayo ilisema Simbu ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Kwa mwendo wa mkimbiaji anayemalizia, hiyo ni kama shubiri moja tu. Kwa shubiri hiyo Tanzania ilipata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha.

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi mnaotusoma gazetini, nimeanza na kamera ya Tokyo kwa sababu ya ujumbe nilioletewa na msikilizaji wetu mmoja wa Ilembo, katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Ndugu yetu huyu amejinunulia kamera ya mtumba na anapiga picha za mechi za mitaani kwao. Juzi juzi kijana mmoja alifunga bao ambalo mtaa mzima ulikuwa unalisubiri. Bibi yake, ambaye ndiye aliyemlea, akaomba picha ya mjukuu wake akifunga. Msikilizaji wetu anasema alikuwa amepiga picha nyingi sana za tukio lile, lakini katika zote nguzo ya goli inaonekana safi mpaka kutu yake, na mfungaji ni ukungu mtupu. Anauliza: je, kamera ni mbovu, au mimi ndiye mbovu? Na je, nimpelekee bibi picha ya goli tupu?

Jibu langu la mkato ni kwamba pengine kamera ni nzima, na yeye hana ubaya wowote. Ila amekutana na tatizo lililowasumbua wapiga picha kwa zaidi ya miaka 100, na ili alielewe hana budi kujua limetoka wapi. Ndiyo maana wiki hii nimeona tuzungumze historia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Picha ya mchezo huharibika kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni mchezaji kusogea wakati tundu la kamera liko wazi. Kitu kinachofungua na kufunga tundu hilo wapiga picha hukiita shata, na shata ikichelewa kufunga mchezaji hutoka na mkia wa ukungu. Namna ya pili ni fokasi, yaani lenzi kulengwa kwenye umbali ambao mchezaji hayupo. Hapo kitu kingine kilichopo kwenye umbali huo, kama nguzo ya msikilizaji wetu, ndicho hutoka safi.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa ikishikiliwa na Mmarekani Jim Ryun tangu 1967. Alitangulia tangu mwanzo wa mbio, akawaacha wenzake wakimfukuza mpaka mwisho, na John Walker aliyeshika nafasi ya pili naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani. Ukigawa umbali ule kwa muda ule, utaona Bayi alikuwa akikata mita 7 na ushei kila sekunde. Kamera iliyoweka shata wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde ingemkuta amesogea sentimita 12, na picha ingekuwa ukungu. Kwa sehemu moja ya 1000 ya sekunde angekuwa amesogea milimita 7 tu, na picha ingekuwa safi. Kwa hiyo ugonjwa wa kwanza dawa yake ni shata ya haraka, na dawa hiyo imejulikana kwa muda mrefu.

Ugonjwa wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mpiga picha wa riadha hukaa mbali, na kwa ajili hiyo hutumia lenzi ndefu inayomvuta mkimbiaji karibu. Lenzi ndefu ina kasoro yake: huona safi kipande kifupi tu cha uwanja. Lenzi ya milimita 300 iliyofunguliwa kwa upana wa f/2.8 na kulengwa umbali wa mita 20, huona safi takriban robo tatu ya mita kwa jumla, mbele na nyuma. Bayi alikuwa akikata sentimita 70 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Maana yake, ukimlenga barabara, kisha ukachelewa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, amekwisha kutoka katika eneo lako. Na kibaya zaidi ni mkimbiaji anayekuja moja kwa moja kuelekea kwako, kwa sababu umbali unabadilika bila kukoma.

Sasa watu wa zamani walifanyaje? Walifanya kama wawindaji wanavyofanya: walitega.

Mtego wa kwanza maarufu uliwekwa California, Marekani, mwaka 1878. Tajiri mmoja aliyeitwa Leland Stanford alitaka kujua kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne inaachana na ardhi. Macho ya binadamu hayakuweza kuamua. Mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia, akatandaza nyuzi kukatisha njia hiyo, na farasi alipopita akazikata nyuzi mwenyewe, kila uzi ukifyatua shata ya kamera moja. Jibu likapatikana: naam, kuna nukta ambapo farasi yuko hewani kabisa. Hakuna kamera hata moja kati ya zile 12 iliyomfukuza farasi. Kila moja ilitazama mahali pamoja, na farasi akaja mwenyewe.

Kutega huko ndiko kulikowalisha wapiga picha wa michezo kwa karibu karne nzima. Katika kuruka viunzi, mpiga picha alilenga kiunzi kimoja na kumngoja mkimbiaji afike juu yake. Katika mpira alilenga eneo la penalti, akaliacha hapo hapo, na kungoja mpira uletwe. Wapiga picha walikaa nyuma ya magoli tangu enzi hizo. Uvivu haukuwamo katika jambo hilo. Goli halihami, na mpira hauna budi kulifuata.

Kwetu Afrika Mashariki mtego ulifanya kazi vizuri kwenye mbio za magari za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za vumbi na tope. Gari la mashindano halingoji mtu. Mpiga picha alikwenda mapema, akachagua kona au kivuko cha maji, akalenga jiwe lililoko njiani, akatulia. Gari lilipofika kwenye jiwe lile alibonyeza. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alizifuata mbio hizo tangu ujana wake. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix hapo hapo Dar es Salaam. Dunia inamkumbuka zaidi kwa picha za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, na wengi wanakumbuka alivyopoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini, na hatimaye akafariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara karibu na visiwa vya Komoro, Novemba 1996. Mtu wa namna hiyo alijifunza mapema kwamba mpiga picha hana budi kujua tukio litapita wapi kabla halijafika.

Hata hivyo, mtego una udhaifu wake mkubwa. Unakupa kile tu kinachopita mahali ulipotega. Bao likifungwa kutoka pembeni, au mchezaji akipiga chenga ya ajabu katikati ya uwanja, wewe umelenga eneo la penalti na huna kitu. Kwa hiyo walikuwapo waliojifunza kufukuza kwa mkono. Mpiga picha aliizungusha pete ya lenzi polepole kwa vidole huku mchezaji akimjia, jicho moja dirishani, akikisia mwendo. Waliokuwa hodari kweli kweli walikuwa wachache. Wazee wa kazi hii niliopata kuzungumza nao wanasema vidole vilikuwa vinakumbuka vyenyewe, kama vidole vya mshonaji vinavyojua sindano ilipo bila kutazama.

Aidha, kulikuwa na suala la filamu. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, na ukimalizika unafungua kamera na kuweka mwingine huku mechi ikiendelea. Miaka ya mwanzo ya 1980, nchi yetu ilipokosa fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera, bidhaa nyingi kutoka nje ziliadimika, na filamu ilikuwa bidhaa ya kutoka nje. Mtu mwenye picha 36 za kutosha mechi nzima hawezi kujifunza kufukuza, kwa kuwa kujifunza kufukuza ni kuharibu picha nyingi. Mwenye filamu chache hutega, na akipata picha mbili safi hushukuru Mungu.

Mapinduzi yalianza mwaka 1977. Kampuni ya Konica ya Japani iliuza kamera ndogo iliyoitwa C35 AF, ambayo ilijilenga yenyewe kwa kutumia kifaa kilichobuniwa na kampuni ya Honeywell ya Marekani. Ilikuwa kamera ya picha za familia, siyo ya uwanjani. Mwaka 1985 kampuni ya Minolta ikatoa kamera yenye namba 7000, ambayo iliweka mota ya kulenga ndani ya mwili wa kamera yenyewe na kukubali lenzi za kubadilisha. Hapo ndipo wapiga picha wa kazi walipoanza kugeuza shingo. Honeywell nao waligeuza shingo, wakaenda mahakamani wakidai ubunifu wao umechukuliwa. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama huko Marekani liliwapa haki kwa sehemu, na Minolta ikalipa dola milioni 127.5 kumaliza shauri. Ndugu msikilizaji, ukiona watu wanagombea fedha kiasi hicho, ujue wameona mbele yao kuna soko.

Kamera ile ilijuaje umbali? Jambo lenyewe si la uchawi. Fumba jicho moja, tazama kidole chako mbele ya ukuta, kisha ubadilishe jicho. Utaona kidole kimehama. Kadiri kidole kilivyo karibu ndivyo kinavyohama zaidi. Kamera nayo huchukua mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na mwanga uliopita upande wa pili, ikalinganisha picha hizo mbili ndogo. Zikioana, fokasi ni sawa. Zisipooana, tofauti yake huiambia kamera mambo mawili kwa mpigo: lenzi isogezwe upande gani, na isogezwe kiasi gani. Kamera haihitaji kubahatisha kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Ndiyo maana njia hii ilifaa michezo kuliko nyingine.

Lakini kamera za kwanza za aina hiyo bado zilishindwa na mkimbiaji. Sababu yake inahitaji maelezo kidogo. Kamera za wakati ule zilikuwa na kioo ndani, ambacho humwezesha mpiga picha kuona kupitia lenzi. Ukibonyeza, kioo huinuka kupisha mwanga uende kwenye filamu, na kwa muda huo mfupi kamera inakuwa kipofu. Mchezaji hakusimama kungoja kioo kiinuke. Kamera ililenga mahali alipokuwa, na picha ikapigwa wakati yeye yuko kwingine.

Dawa ilipatikana kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Watengenezaji waliifundisha kamera hesabu ya kukisia. Kamera hupima umbali wa mchezaji mara kadhaa mfululizo, ikapata mwendo wake, kisha ikapeleka lenzi mahali ambapo mchezaji atakuwapo shata itakapofunguka. Wawindaji wa nchi yote ya Katavi wanaijua hesabu hii bila kwenda shule: mnyama anayekimbia hupigwi pale alipo, hupigwa pale anapokwenda. Kampuni ya Canon, ambayo mwaka 1987 ilianzisha kamera zake za EOS, ilikuwa imeweka mota ndani ya kila lenzi, na lenzi zake ndefu nyeupe zilianza kuonekana kwa wingi pembeni mwa viwanja katika miaka ya 1990. Nikon ilijibu kwa F4 mwaka 1988 na F5 mwaka 1996.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Filamu ilianza kutoka, na kamera za dijitali zikaingia magazetini kuanzia mwisho wa miaka ya 1990. Kwa nchi kama yetu faida kubwa ya dijitali ilikuwa kwamba kuharibu picha hakukugharimu tena, na kwa hiyo kujifunza kufukuza kukawa rahisi. Kisha kioo chenyewe kikaondolewa. Mwaka 2017 kampuni ya Sony ilitoa kamera ya A9, isiyo na kioo, yenye kupiga picha 20 kwa sekunde huku ikiendelea kumlenga mchezaji bila kupofuka. Kamera za siku hizi zinatambua uso wa mtu, zinatambua jicho, na zinaweza kumng'ang'ania mtu mmoja katika kundi.

Sasa wasikilizaji wengine watasema: kama ni hivyo, kazi ya mpiga picha imekwisha. La hasha! Turudi kwenye swali la Ilembo tuone.

Kamera ya msikilizaji wetu ina njia mbili za kulenga. Njia ya kwanza ni ya kulenga mara moja na kufunga. Hiyo inafaa picha za harusi, watu wakiwa wamesimama. Kamera ikishapata kitu, hutulia hapo, na hata kitu hicho kikiondoka yenyewe haina habari. Njia ya pili ni ya kulenga mfululizo, ambayo ndiyo ile hesabu ya kukisia niliyoieleza. Kwenye kamera za Canon imeandikwa AI Servo, na kwenye za Nikon na Sony imeandikwa AF-C. Ninavyoona mimi, kamera yake ilikuwa kwenye njia ya harusi. Ilishika nguzo ya goli, ikaing'ang'ania, na mfungaji akapita mbele yake.

Jambo la pili ni sehemu ya kulengea. Kamera ina vidoti vingi dirishani, na ukiiachia uhuru itachagua yenyewe, mara nyingi ikishika kitu kilicho karibu au chenye mstari mkali unaoonekana wazi. Nguzo nyeupe mbele ya kichaka ni chakula kitamu kwa kamera. Achague kidoti cha katikati, au kikundi kidogo cha vidoti vya katikati, na akiweke kifuani mwa mchezaji. Aanze kumfuata mapema, kibonyezo kikiwa nusu, kabla mpira haujamfikia. Kamera inahitaji muda mfupi wa kupima mwendo. Mtu anayeinua kamera baada ya mpira kupigwa huwa amechelewa.

Jambo la tatu ni shata. Isipungue sehemu moja ya 500 ya sekunde, na ikiwezekana ifike sehemu moja ya 1000. Mwanga ukipungua, aongeze wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ile namba ya ISO, akubali chengachenga kidogo katika picha. Picha yenye chengachenga bibi ataipokea. Yenye ukungu hataitambua. Na hapa watu wa Mpanda wana bahati ambayo sisi wa Dar es Salaam hatuna. Kwa kuwa wako mbali magharibi na saa yetu ni moja nchi nzima, jua huzama kwao takriban nusu saa baada ya kuzama kwetu. Mechi ya saa 10 jioni ina mwanga wa kutosha mpaka filimbi ya mwisho.

Na kama kamera yake ni kongwe mno, inayojivuta, basi arudi kwa wazee. Azime ulengaji wa mota, alenge kwa mkono mahali ambapo anajua mpira utapita, atulie. Mtego haujapitwa na wakati. Kamera iliyompa Simbu dhahabu yake ni mtego mtupu: haimfukuzi mtu yeyote, inatazama mstari mmoja mwembamba, inaupiga picha maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkimbiaji anaandikwa anapoufikia. Baada ya mbwembwe zote za miaka 150, pale panapotakiwa hukumu ya haki watu bado wanatega kama Muybridge alivyotega nyuzi zake.

Lakini mtego na mbio vyote vina jambo moja visiloweza kulifanya. Mashine inaweza kumfukuza mchezaji, lakini haijui ni mchezaji gani wa kufukuzwa. Haijui kwamba kijana namba 9 ana kawaida ya kukata kushoto kabla ya kupiga. Haijui kwamba bibi yake yuko nyumbani anangoja. Hayo anayajua mtu wa Ilembo peke yake.

Tuangalie historia yetu kwa jicho hilo. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, John Stephen Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti likiwa limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia kumaliza marathoni. Giza lilikuwa limeingia na watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Kumlenga mtu anayekwenda mwendo ule hakukuwa tatizo kwa kamera yoyote. Kilichotakiwa ni mtu wa kubaki. Wapo waliobaki na kamera zao, na kwa sababu hiyo dunia nzima mpaka leo inamwona Mtanzania yule akimaliza. Lau wangefunga virago pamoja na wengine, tungebaki na namba tu kwenye karatasi ya matokeo, namba ya mtu wa mwisho.

Kinyume chake, Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa bila, na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Ni mechi inayosimuliwa mpaka leo vijiweni, na watani hawajaacha kuitumia. Jiulize, ndugu msomaji, wewe mpenzi wa soka, umepata kuona picha safi ngapi za mabao yale sita? Hesabu kwa vidole. Sisemi hazipo. Nasema mechi kubwa kama ile, ya klabu kubwa kama zile, tunaishi nayo zaidi masikioni kuliko machoni. Kama ndivyo ilivyo kwa Kibadeni, vijana wa viwanja vya vumbi watakuwaje?

Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalifanyika Kenya, Tanzania na Uganda, na nchi hizo hizo zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kamera kubwa, za lenzi nyeupe, hufuata mashindano ya namna hiyo popote yalipo, na zitapiga kila jasho la kila mchezaji. Ni jambo jema. Lakini hakuna hata moja itakayopanda treni ya Kaliua kwenda Mpanda kutafuta uwanja wa Ilembo. Wachezaji wa taifa hawaanguki kutoka mbinguni. Huanzia katika viwanja kama hivyo, na miaka ile ya mwanzo, ambayo baadaye kila mtu huitafuta, ndiyo isiyokuwa na picha.

Kwa hiyo namwomba ndugu yetu asivunjike moyo. Abadilishe njia ya kulenga, afunge vidoti vyake katikati, aende mazoezini akapige picha 200 na kufuta 190. Na zile 10 zitakazobaki asiziache ndani ya simu au kadi ya kamera, kwa maana simu huibwa na kadi hufa. Azisafishe chache kwenye karatasi, na nyuma ya kila moja aandike kwa kalamu jina la mchezaji, timu, uwanja na tarehe. Picha isiyo na jina, baada ya miaka 30, ni picha ya mtu yeyote.

Bibi naye asipelekewe goli tupu. Ligi ya mtaa haijaisha, mjukuu wake bado anacheza, na namba 9 akizoea kufunga hafungi mara moja tu. Mechi ijayo mpiga picha awe amekaa upande wa kushoto, kidoti kifuani, kidole nusu kwenye kibonyezo, mapema.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni kila la heri.